Alama za Nyuma ya Daftari

Jumatatu, 4 Machi
Mvua: sifuri. Anga jeupe kama shuka lililofuliwa mara nyingi mno.

Daftari la zamani limejaa, naanza hili. Kazi yangu ni kupima mvua. Kila siku saa tatu kamili asubuhi nainua faneli ya kipima mvua kilicho katikati ya uwanja wa kituo, namimina maji kwenye silinda ya kioo, nainama mpaka jicho lilingane na maji, nasoma, naandika, natia saini. Mwaka wa kumi na moja huu. Kazini wananiita Milimita, nami sijawahi kukasirika.

Nyumbani: mke wangu amehamia kitanda cha mtoto tangu Januari. Anasema mtoto anaweweseka. Mtoto huyo, Kifaranga wetu, ana miaka minne na analala kama gogo.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua: sifuri.

Jana jioni mke wangu alitoa mguu kwenye cherehani, akageuza kiti, akanikabili. Dada yake mkubwa amempatia kazi mjini kwake, kusimamia karakana ya kushona sare za shule. Kuna chumba cha kuishi, na mtoto atapata nafasi ya shule. Jibu linatakiwa mwisho wa Mei.

"Nimemwambia dada nitamjibu mvua zikiisha," alisema.

Nikamuuliza mimi nimewekwa wapi katika mpango huo. Badala ya kujibu akanipa karatasi ya miadi ya kituo cha afya, Jumatano ijayo saa tano, chumba namba tisa. Ni mshauri wa mambo ya tendo la ndoa. Nikauliza nani mgonjwa.

"Sisi," alisema, akarudisha mguu kwenye cherehani.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma: naona nimeonewa. Anayelala peke yake ni mimi. Na bado nitakwenda kukaa mbele ya mtu baki kueleza ya kitandani kwangu, kama mshtakiwa.

Jumanne, 12 Machi
Mvua: sifuri. Mawingu upande wa mashariki. Nimekata kucha.

Jumatano, 13 Machi
Mvua: 2.4. Ya kwanza ya msimu.

Kabla ya kuondoka kazini niliandika sababu kwenye kitabu cha ruhusa: "Macho, kituo cha afya." Najua chumba namba nane ni cha macho, na wagonjwa wa nane na tisa wanakaa benchi moja. Nilijisifu kwa akili hiyo. Nusu saa baadaye, tuko kwenye benchi, nani anatokea na mama yake na mfuko wa dawa? Kipaza, mwenzangu wa kazi, anayetuma vipimo vyetu makao makuu kwa simu na kutuma mengine yote kwa mdomo. "Milimita! Umefuata nini huku?" Nikasema macho. Akamtazama mke wangu, akauliza kama naye macho. Mke wangu akasema yeye amekuja kunishika mkono nisijikwae.

Sasa ya ndani. Nilikuwa nimeoga mara mbili na kuvaa fulana mpya, maana niliamini mtu wa kazi hiyo lazima atuvue. Nilipoingia nilitafuta kitanda kwa macho, sikukiona. Viti vitatu, meza ndogo, dirisha lenye pazia. Mshauri ni mwanamke wa umri wa shangazi yangu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi.

"Hapa hakuna anayevua hata kiatu," alisema, nadhani alisoma uso wangu. "Mimi naongea nanyi, nawapa mazoezi ya kwenda kufanya kwenu mkiwa wawili. Simgusi mtu. Ikihitajika kupimwa mwili, nawaelekeza kwa daktari."

Akaeleza kwamba matatizo ya kitandani mara nyingi ni nyuzi tatu zilizosokotana: za mwili, za mawazo, na za maisha ya nyumbani. Kazi yake ni kusaidia kujua uzi upi ni upi kabla mtu hajaanza kuvuta. Mke wangu, fundi, alisogea mbele kwenye kiti aliposikia nyuzi. Akasema pia kwamba wanaokuja ni wa kila aina, waliooana jana na wenye wajukuu, na kila mmoja anaingia akidhani ni yeye peke yake duniani.

Kila mmoja aliulizwa kilichomleta. Nikasema mke wangu amepoa. Mke wangu akasema, "Nimechoka," basi. Mshauri akauliza tangu lini. Nikataja tarehe. Akaniambia nina kumbukumbu nzuri, nami nikafurahi kama mwanafunzi aliyesifiwa mbele ya darasa.

Jumapili, 17 Machi
Mvua: 11.8.

Jumatano, 20 Machi
Mvua: 6.0. Ruhusa: macho.

Leo aliniita peke yangu. Alisubiri. Mtu huyu anajua kusubiri kuliko mvua. Mwishowe nilisema nikiangalia sakafu: tangu Juni mwaka jana mwili wangu umeanza kunigomea. Si kila mara, lakini mara nyingi. Unakubali mwanzoni kisha unaniacha njiani. Sijawahi kulitamka. Masikio yaliniwaka.

Hakushangaa. Akanipeleka kwa daktari nipimwe presha na sukari, akaniuliza dawa ninazotumia, pombe, usingizi. Majibu yametoka mchana: mzima kabisa. Nilisikitika. Ugonjwa ungekuwa kitu cha kumwonyesha mtu.

Jumapili, 24 Machi
Mvua: 19.5.

Nimefanya kazi siku nzima. Mshauri anataka kujua mambo yalivyokwenda, na mimi ninazo kumbukumbu. Mtoto alipozaliwa, mkunga alituambia tusubiri wiki sita. Nikawa naweka alama nyuma ya daftari kuhesabu siku. Wiki sita zikaisha, sikuacha. Miaka minne sasa. Nukta: amekataa. Mstari: mwili wangu umeshindwa. V: vyema. Leo nimezikusanya zote kwenye karatasi ya miraba, miezi chini, siku juu, kwa rula, na ufafanuzi wa alama pembeni. V ni sitini na tatu. Mistari kumi na tisa. Nukta sitaki kuzitaja.

Ni jedwali zuri. Hata makao makuu wasingelikosoa.

Jumatano, 27 Machi
Mvua: 44.2. Ruhusa: macho.

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Nitaandika kwa mpangilio, maana nisipofuata mpangilio sitaandika.

Tuliingia wote wawili. Nilitoa jedwali mfukoni nikalikunjua mezani, nikampa mshauri kama ninavyompa mkaguzi ripoti ya mwaka. Nikasema nimeona litamsaidia. Hakulichukua. Aliuliza, "Mama analijua hili?"

Nikasema hapana.

"Basi si mimi wa kulisoma kwanza."

Lakini mke wangu alikwisha kunyoosha mkono. Alisoma akifuata kwa kidole, kama anavyosoma vipimo vya wateja. Kidole kikaenda mpaka mwisho wa mwaka wa kwanza, kikarudi, kikasimama.

"V ni nini?"

"Vyema."

"Vyema kwa nani?"

Nilitazama mlango. Niliomba mtu wa macho akosee chumba aingie.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Tarehe kumi na mbili Agosti. Wiki hiyo kila asubuhi nilikuwa nakalia beseni la maji ya chumvi, ukaniuliza beseni limekwenda wapi. Umeandika V." Kidole kikasogea. "Hii ya Oktoba niliuma mto. Mto wenyewe nimeushona foronya mpya, meno yalitoboa." Kikasogea tena. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nahesabu mbao za dari. Ziko thelathini na nne. Kumbe na wewe ulikuwa unahesabu."

Akakunja karatasi kwa kufuata mistari yangu mwenyewe, mara nne, akaitia kwenye mkoba, akatoka.

Nilisimama kumfuata. Mshauri akasema nimpe nafasi. Nikakaa. Akaniuliza, kana kwamba anabadilisha mazungumzo, kituoni kwetu tunajuaje mvua imenyesha kiasi gani. Nikaeleza: faneli, silinda, jicho. Akauliza, "Na siku ambayo hukufungua chombo, unaandika nini?"

Nikasema huwezi kuandika namba. Ni kanuni ya kwanza unayofundishwa. Hata ukiona madimbwi uwanjani, hata ukijua ilinyesha, kama hukufungua chombo hukupima. Ukiandika namba hiyo ni ya kubuni, na mtu wa kubuni namba anafukuzwa.

Nilijisikia mwenyewe nikisema.

Miaka minne, V sitini na tatu, na sijauliza hata mara moja.

Alhamisi, 28 Machi
Mvua: 38.0. Nyumbani kimya.

Ijumaa, 29 Machi
Mvua: 52.6. Kimya. Chakula kiko mezani kimefunikwa, yeye yuko kwenye cherehani. Kifaranga kaniuliza kwa nini mama anashona wakati umeme umekatika.

Jumamosi, 30 Machi
Mvua: 17.3. Kimya.

Jumanne, 2 Aprili
Mvua: 9.1.

Nilirudi mapema. Mtoto alikuwa anacheza kwa jirani. Mke wangu alikuwa anafumua gauni la mteja lililoshonwa vibaya na fundi mwingine, anakata uzi mmoja mmoja kwa wembe. Nikakaa kwenye stuli ya wateja. Nikasema, "Mama Kifaranga, nakuomba uniambie." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi zaidi, yakapotea yote.

Aliongea akiangalia kitambaa. Alipojifungua alichanika, akashonwa na mtu aliyekuwa na haraka. Alinionyesha gauni, mahali mshono ulipovutwa mpaka nguo imejikunja. "Mimi ni fundi. Kitambaa kilichovutwa nakijua. Kikipona hivyo, kitauma kila kikiguswa." Alimuuliza shangazi yake, akaambiwa ndiyo mambo ya wanawake, jikaze. Akajikaza. "Na nikijikaza ndiyo inauma zaidi. Sasa ukija tu upande wangu, kabla hujanigusa, mwili unajifunga wenyewe. Hata mkono wako begani naona kama barua ya wito."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia. Nilisema polepole. Ukaenda polepole siku mbili."

Jioni nilitoa madaftari ya zamani. Nilitaka kuona kama anasema kweli. Hiyo nayo naiandika, ili aibu iwe kamili. Nimekuta. Mwandiko wangu mwenyewe, mwezi wa tatu baada ya mtoto kuzaliwa: "Mke kasema polepole. V."

Ijumaa, 5 Aprili
Mvua: 27.7. Kipaza kaniuliza macho yanaendeleaje. Nikasema yanaanza kuona.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua: 14.0. Ruhusa: macho.

Mke wangu alikubali kurudi chumba namba tisa, lakini alitembea hatua mbili mbele yangu njia nzima.

Mshauri alimuuliza anataka nini. Sio nini kifanyike; anataka nini. Mke wangu alifikiri, akasema anataka asiogope jioni ikifika. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kugusana viwiko, na sikujua kwamba kuna mtu katika nyumba yangu anaogopa jioni.

Atamwona daktari wa wanawake kuhusu lile kovu, maana linatibika. Miaka minne ya kujikaza haikuwa na lazima. Kuna muuguzi wa mazoezi atakayemfundisha kukaza na kulegeza misuli ya chini ya nyonga, hasa kulegeza. Mshauri alisema mwili uliozoea kuumizwa unajifunga kama kope mchanga unapokuja. Huwezi kuukemea ufunguke, unauzoesha kwamba mchanga hauji tena. Kisha akanigeukia. Akasema huenda kunigomea kwa mwili wangu mimi hakuko mbali na hapo. Mtu anaweza kuhisi kwamba mwenzake hayupo kabla hajakubali kujua. Na anayejipima kila mara, akawa mtahini na mtahiniwa kwa pamoja, mara nyingi hufeli.

Dawa yetu kwa sasa: tendo lenyewe limepigwa marufuku wiki sita. Nilidhani nimesikia vibaya. Badala yake, mara tatu kwa wiki, dakika ishirini: mmoja anamgusa mwenzake mkono, mgongo, kichwa, mahali palipokubaliwa. Anayeguswa anasema hapo sawa, hapo hapana. Hakuna pa kufika.

"Na wewe, baba," aliniambia, "usiandike."

Nikasema daftari langu ni la mvua.

"Mvua andika."

Jumapili, 14 Aprili
Mvua: 31.0.

Siandiki lililokatazwa. Nitaandika la saa tu. Niliivua saa yangu nikaiweka mezani niione, ili dakika ziwe ishirini kweli. Mke wangu akaitazama, akanitazama.

"Bwana Milimita, unachemsha yai?"

Akacheka. Kile kicheko chake cha zamani, cha kuziba mdomo kwa kanga. Sijui mara ya mwisho nilikisikia lini. Hicho sikukiwekea alama.

Jumatano, 17 Aprili
Mvua: 22.2. Ruhusa: macho.

Tuliulizwa zoezi limekwendaje. Mke wangu akasema mikono yangu ni ya baridi na ina wasiwasi kama ya mtu anayeiba. Mshauri akasema vizuri, hilo ndilo la kuambiana. Sikuona uzuri wake. Lakini jioni niliichovya kwenye maji ya moto kwanza.

Jumatatu, 22 Aprili
Mvua: 8.4. Sikuisoma mimi.

Nilifika saa mbili na nusu, nikamkuta Kipaza uwanjani ameshika silinda yangu. Akasema bosi ananiita.

Bosi wetu ni mama anayestaafu mwakani. Hajawahi kukohoa bila kuandika. Kitabu cha ruhusa kilikuwa wazi mbele yake. Akasema habari za macho yangu zimemfikia, na mtu mwenye macho mabovu hawezi kusoma kipimo, kwa hiyo alipiga simu chumba cha macho wamwambie hali yangu, anisaidie. Chumba cha macho hawanifahamu.

"Jumatano tano," alisema. "Umeandika macho mara tano. Mtu anayeandika uongo kwenye kitabu hiki, nitajuaje hajaandika uongo kwenye kile?" Akaonyesha rejesta ya mvua.

Mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia Kipaza barazani ameacha hata kutafuna. Ningeweza kusema meno. Ningeweza kusema mtoto. Nilikuwa na uongo wa kutosha, nife na tai shingoni. Lakini niliona namba zangu za miaka kumi na moja zikiwa zote za kubuni machoni pa mtu mmoja, na kwamba yuko mwingine nyumbani aliyekwisha kuziona hivyo.

Nikasema, "Si macho, bosi. Chumba namba tisa. Mimi na mke wangu tuna shida ya tendo la ndoa. Tunatibiwa."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Bosi alinitazama, kisha akageuza kitabu kinielekee.

"Kanuni unaijua."

Naijua, naifundisha wengine. Kosa halifutwi, halipakwi wino. Linapigwa mstari mmoja ili bado lisomeke, kweli inaandikwa pembeni, na aliyekosea anatia saini. Niliandika mara tano "ushauri wa ndoa." Kitabu kinakaa mapokezi. Kila mtu anakitumia.

Nilipofika mlangoni akasema bila kuinua kichwa: "Mficha uchi hazai. Saa tatu kesho, chombo ni chako."

Jumanne, 23 Aprili
Mvua: 12.9. Niliisoma mimi. Mara mbili.

Alhamisi, 25 Aprili
Mvua: 5.5.

Barazani wanakohoa nikipita. Mmoja kauliza kama namba tisa nako wanatumia silinda. Nimekula chakula changu stoo, kati ya maboksi.

Nilimwambia mke wangu kilichotokea. Nilitegemea aone haya, maana sasa naye amejulikana. Alikuwa ameuma pini mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Umesema tuna shida? Au umesema mke wangu ana shida?"

"Nimesema tuna."

Akarudisha pini mdomoni. Baadaye, tukiwa kwenye zoezi, yeye mwenyewe aliuweka mkono wangu mahali alipotaka ukae. Nimeandika, najua nimekatazwa. Sikuweka alama.

Jumatano, 8 Mei
Mvua: 3.1. Ruhusa: ushauri wa ndoa.

Kipaza alinifuata uwanjani baada ya kusoma. Nilijua yanakuja. Alizunguka kipima mvua mara moja, akachuma jani, akalitupa.

"Yule mama," alisema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "anavua watu nguo?"

"Hata kiatu havui mtu."

"Anawapa vidonge?"

"Akiona vinahitajika anakupeleka kwa daktari. Yeye ni maswali na mazoezi."

"Kwa hiyo mnaongea tu."

"Nenda kaongee, uone kama ni tu."

Akauliza miadi wanaandikisha dirisha lipi. Nikamwambia. Akasema anamuulizia jamaa yake mmoja. Nikasema sawa, amwambie huyo jamaa kwamba benchi ni lile la macho.

Sikumcheka. Nilitaka, lakini nilikumbuka fulana mpya.

Jumatatu, 13 Mei
Mvua: 1.2.

Dada mkubwa amepiga simu. Nilisikia mke wangu akimwambia bado mvua.

Jumatatu, 20 Mei
Mvua: 0.6.

Mke wangu amerudi kitandani kwetu na mto wake. Kabla hajapanda alisimama pembeni akasema amekuja kulala, asieleweke vingine. Nikasema karibu. Tukalala kama wageni wawili wenye adabu. Alfajiri Kifaranga alitufuata, akalala katikati akinipiga mateke ya mbavu, na kwa mara ya kwanza nimeshukuru mateke.

Jumatano, 22 Mei
Mvua: sifuri. Ruhusa: ushauri wa ndoa.

Wiki sita zimeisha. Mshauri alisema kuondolewa kwa marufuku si amri. Mke wangu akaeleza mwenyewe, mbele yangu, bila kuangalia sakafu: dawa ya kovu inasaidia, mazoezi anayafanya, maumivu yamepungua lakini hayajaisha, na hofu inakwenda taratibu kuliko maumivu. Mimi nikaulizwa. Nikasema naona aibu, kila siku, kila nikiitazama dari. Niliwahi kuzihesabu zile mbao. Ni thelathini na nne kweli.

Mshauri akasema aibu si mbaya ikinifanya niulize. Ikinifanya nijifiche, nirudi aniambie.

Alhamisi, 30 Mei
Mvua: sifuri, siku ya tisa. Kituo kimetangaza mwisho wa msimu.

Jana jioni, mtoto akiwa kwa jirani, mke wangu alifunika cherehani, akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa nimejidanganya kwamba aliichoma. Akaikunjua mezani, akaweka kalamu juu yake, akaketi upande wangu.

"Bosi wako alikufundisha kurekebisha. Rekebisha."

Tulianza mwanzo. Yeye aliweka kidole, akasema ilivyokuwa. Mimi nikapiga mstari mmoja ili ibaki inasomeka, nikaandika pembeni alichosema, nikatia saini. *Iliuma. Iliuma. Nilikuwa na homa. Nilikubali ili ulale. Iliuma. Sikumbuki, na sitaki.* Saini yangu ilikuwa nzuri mwanzoni, baadaye ikawa kama ya mtu mwingine. Kwenye ya Oktoba nilishindwa kuona mstari, akanisubiri. Hakunifariji. Alisubiri tu, kisha akasogeza kidole.

Nyingine aliziruka. Nikauliza. Akasema, "Hiyo iache. Hiyo ilikuwa kweli." Kati ya sitini na tatu ameacha saba. Nilisema ni chache. Akasema kwa aliyokuwa anayapitia, saba ni nyingi, shukuru.

Nilidhani tumemaliza. Nikafunika kalamu. Akanipokonya, akarudi mwezi wa Novemba wa mwaka jana, kwenye mojawapo ya ile mistari kumi na tisa. Mwili ulikuwa umenigomea siku hiyo, nami nilikuwa nimeiandika nikiwa na hasira.

"Hii nayo umeikosea."

Nikasema hapana, hii naikumbuka vizuri, hii nilishindwa.

"Siku hii bati lilivuja juu ya kitanda. Tukasukuma kitanda mpaka ukutani, tukashika beseni pamoja, ukaniambia ni milimita ngapi kwa kusikiliza tu matone, ukakosea. Tukacheka mpaka mtoto akaamka. Hukunidai kitu. Ulilala umeshika mkono wangu."

Juu ya mstari wangu alipiga wake, mmoja, ulionyooka kama wa fundi. Pembeni akaandika V. Akatia saini.

Kisha akachukua simu kumpigia dada yake, na kabla haijapokelewa akanitazama. "Na usiniulize kwa nini nabaki. Niulize kesho naendeleaje."

Leo asubuhi, kabla ya kwenda kufungua chombo, nimemuuliza.